Vita Huliwa na Wachache, Hulipwa na Wengi

Wahenga walinena kwamba wapiganapo fahari wawili, ziumiazo ni nyasi. Usemi huo umekaririwa mno katika nchi za Afrika ya Mashariki na Kati, hata watu wengine huutamka pasipo kuuchungua. Je, fahari hao hupigania nini? Aghalabu hupigania malisho. Basi nyasi zinazoumia chini ya kwato zao ndizo zile zile zinazogombewa. Mwenye kuutafakari usemi huu kwa namna hiyo amekwisha kuanza kufahamu vita vingi vya zama hizi, na hasa vita vilivyoitesa nchi ya Congo tangu mwaka 1998.

Katika vita vya namna hiyo, faida huingia katika mifuko ya watu wachache, na hasara huandikwa kwa jina la taifa zima. Jambo hili laweza kuelezwa kwa maneno mengi matupu, na pengine likaonekana kuwa ni chuki tu dhidi ya wakubwa. Kwa hiyo ni afadhali kuufuata mfano mmoja hadi mwisho wake. Mfano wenyewe ni wa mji wa Kisangani. Habari za mji huo zimechunguzwa na Umoja wa Mataifa, zimesikilizwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, na hatimaye hesabu yake imetolewa kwa fedha taslimu.

SIKU SITA ZA JUNI

Kisangani uko kwenye kingo za Mto Congo, chini ya maporomoko ya Boyoma, mahali ambapo meli zipandazo mto kutoka Kinshasa hukomea. Kiswahili kilifika huko katika karne ya 19 pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa Pwani. Tippu Tip mwenyewe alifanywa liwali wa sehemu hizo mwaka 1887. Hata sasa Kiswahili husemwa mjini humo pamoja na Kilingala.

Vita vikubwa vilipoanza tarehe 2 Agosti 1998, majeshi ya Rwanda na Uganda yaliingia Congo yakiwa marafiki. Yalikuwa na adui mmoja, serikali ya Laurent Kabila, na yaliwasaidia waasi wa chama kimoja, RCD. Urafiki huo ulikuwa wa damu: maofisa wengi wa Rwanda walikuwa wamelelewa Uganda kama wakimbizi, wakatumika katika jeshi la Uganda kabla ya mwaka 1990. Walifahamiana kwa majina. Walisemezana kwa Kiswahili, lugha ambayo jeshi la Uganda limeitumia tangu zamani.

Baada ya kama mwaka mmoja, marafiki hao wakaelekezeana bunduki. Chama cha RCD kiligawanyika Mei 1999, kundi moja likaegemea Rwanda na jingine Uganda. Mwezi Agosti 1999 majeshi mawili yalipigana Kisangani kwa siku kadhaa. Yakapigana tena Mei 2000. Kisha, kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10 Juni 2000, yalipigana kwa siku sita mfululizo, jeshi moja upande huu wa Mto Tshopo, jeshi la pili upande wa pili, na mji wenye watu katikati. Makombora zaidi ya 6,600 yaliuangukia mji. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliofika huko baadaye mwaka huo ulikadiria kwamba raia zaidi ya 760 waliuawa na wengine wapatao 1,700 walijeruhiwa. Shule, zahanati, makanisa na maelfu ya nyumba viliharibiwa. Hakuna jeshi hata moja kati ya hayo mawili lililokuwa katika nchi yake.

Akina mama wengi walipowaita watoto wao waingie chini ya vitanda, waliwaita kwa lugha ambayo wale waliofyatua mizinga waliielewa vizuri.

SABABU ILIYOTANGAZWA NA SABABU ILIYOFICHWA

Haifai kusema kwamba vita hivyo havikuwa na sababu nyingine ila mali. Rwanda ilikuwa imetoka katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, na wengi wa wauaji walikimbilia Congo na silaha zao, wakawa wanavuka mpaka kuendelea kuua. Uganda nayo ilishambuliwa na waasi wa ADF waliojificha katika milima ya mpakani. Mwezi Juni 1998 waasi hao waliwachoma moto wanafunzi wa chuo cha ufundi cha Kichwamba mabwenini mwao. Serikali yoyote ingekuwa na wajibu wa kuwalinda watu wake. Askari aliyeambiwa kwamba anakwenda kuulinda mpaka hakudanganywa katika hilo.

Lakini Kisangani si mpakani. Mji huo uko mamia ya kilomita kutoka mpaka wa Rwanda na mpaka wa Uganda. Majaji wa Mahakama ya Kimataifa waliona jambo hilo pia. Katika hukumu yao dhidi ya Uganda ya tarehe 19 Desemba 2005, walieleza kwamba kuteka miji na viwanja vya ndege vilivyo mbali kiasi hicho na mpaka hakulingani na haja ya kujilinda dhidi ya mashambulizi ya mpakani. Basi ni halali mwananchi wa kawaida naye aulize: kama adui yuko mlimani mpakani, jeshi limefuata nini kule ambako almasi huuzwa?

Maana Kisangani ulikuwa mji wa almasi. Mitaa yake ilijaa maduka ya kununulia mawe hayo kutoka kwa wachimbaji wadogo, na aliyeushika mji aliweza kuwatoza wanunuzi kodi na kuamua ni nani anunue. Ulikuwa pia na uwanja mkubwa wa ndege. Kweli yalikuwapo mabishano mengine, kama vile nani aongoze waasi na vita viendeshwe kwa mbinu gani. Hata hivyo mabishano ya mbinu huweza kumalizwa mezani. Yaliyokosa kumalizika mezani ni yale ya nani akusanye nini.

Mwezi Juni 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianzisha jopo la wataalamu kuchunguza unyonyaji wa mali ya Congo. Taarifa yao ya Aprili 2001 ilieleza kwamba unyang'anyi ulianza kwa kuchukua vilivyokwisha kuwekwa akiba: kahawa, mbao, ng'ombe, fedha za benki na madini yaliyokuwa maghalani. Kutoka bohari za kampuni moja ya madini ya Kivu, kati ya Novemba 1998 na Aprili 1999, zilichukuliwa tani 2,000 hadi 3,000 za mawe ya bati, na tani 1,000 hadi 1,500 za koltani. Akiba ilipokwisha, ikafuata kazi ya kuchimba.

Wataalamu hao walitazama pia vitabu vya forodha. Uganda haikuwa na machimbo ya almasi, lakini ilionekana kuuza almasi nje. Mwaka 1999 iliuza nje dhahabu zaidi ya tani 11, ilhali dhahabu iliyoandikwa kuwa imechimbwa nchini mwaka huo haikufika hata kilo 10. Kuhusu Rwanda, jopo lilikadiria kwamba jeshi lake lilipata dola zisizopungua milioni 250 kutokana na koltani kwa muda wa miezi 18. Serikali zote mbili ziliikataa taarifa hiyo.

Koltani ni jiwe jeusi zito. Hutolewa ndani yake metali iitwayo tantalamu, ambayo hutengenezewa vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu, kompyuta na mitambo mingine. Katika mwaka 2000 viwanda vya ng'ambo viliihitaji kwa pupa, bei ikapanda mara kadhaa, kisha ikaanguka mwaka 2001. Katika muda huo mfupi maelfu ya watu waliacha mashamba na kwenda kuchimba, hata ndani ya hifadhi ya wanyama ya Kahuzi-Biega. Bei iliyopangwa na wanunuzi wa nchi za mbali ndiyo iliyoamua ni kilima kipi cha Kivu kipiganiwe na kipi kiachwe.

DESTURI ILIYOTOKA MBALI

Isidhaniwe kwamba mchezo huu ulibuniwa na Waafrika. Congo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Siku 11 tu baadaye, tarehe 11 Julai, Moïse Tshombe alitangaza kwamba jimbo la Katanga limejitenga. Katanga ndilo lililokuwa na shaba, na shaba ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906 wakati wa ukoloni. Kampuni hiyo ilimlipa Tshombe kodi ambazo zilistahili kwenda katika hazina ya Congo. Wabelgiji walitoa maofisa, na mamluki wa Kizungu wakakodiwa. Mbele ya watu ilisemwa kwamba Katanga inaukimbia ukomunisti na fujo. Waziri Mkuu Patrice Lumumba alipelekwa huko na kuuawa tarehe 17 Januari 1961. Kujitenga kulikoma Januari 1963, baada ya majeshi ya Umoja wa Mataifa kuingia kwa nguvu. Mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi kwa sehemu yake katika kifo cha Lumumba.

Tofauti kati ya Katanga ya 1960 na Kisangani ya 2000 ni ndogo kuliko inavyoonekana. Zamani beberu alikuja mwenyewe na kibaraka wake. Baadaye wakubwa wa Kiafrika walijifunza kazi hiyo, wakaifanya kwa niaba yao wenyewe na kwa niaba ya wanunuzi. Mfereji wa mali uliendelea kutiririkia kule kule.

NAMNA MTANDAO UNAVYOFANYA KAZI

Taarifa nyingine ya jopo la Umoja wa Mataifa, iliyotolewa Oktoba 2002, ilieleza kwamba mali ya Congo ililiwa na mitandao ya wakubwa. Ni vema kueleza kwa lugha nyepesi mtandao wa aina hiyo unavyoendeshwa, kwa maana hauhitaji watu wengi.

Kwanza, yuko mwanasiasa. Kazi yake ni kutia saini: kutoa kibali, kusamehe ushuru, kugawa eneo la machimbo, na kuzuia swali lisifike bungeni. Pili, yuko ofisa wa jeshi. Yeye hulinda kilima, hufunga barabara, na hutoa ndege au lori la serikali. Ndege iliyoshusha askari na risasi asubuhi haipendi kurudi tupu jioni. Tatu, yuko mfanyabiashara. Huyu ndiye mwenye mtaji, mwenye kumjua mnunuzi wa ng'ambo, na mwenye benki ya kupokelea fedha. Hao watatu wakikutana, hawahitaji ushindi wala amani. Wanahitaji hali iendelee ilivyo. Vita vikiisha, forodha itarudi, mkaguzi wa hesabu atarudi, na bei halali italipwa. Kwa hiyo vita visivyokwisha huwa ni biashara isiyofilisika.

Mitandao hiyo haikuwa upande mmoja tu. Serikali ya Kabila nayo ilikuwa na marafiki wake. Zimbabwe ilipeleka askari zaidi ya 10,000 kuitetea, na baadhi ya wakubwa wa jeshi na wa chama wakaingia ubia katika almasi, madini mengine na mbao. Jopo lilisema kwamba mtandao wa Wakongo na Wazimbabwe ulihamisha mali ya sekta ya umma ya madini yenye thamani ya dola zisizopungua bilioni 5, ikaingia katika makampuni ya watu binafsi kwa muda wa miaka mitatu, na hazina ya Congo isipate kitu. Makampuni ya nje nayo hayakuachwa: 85 yalitajwa kuwa yalikwenda kinyume cha maadili ya biashara yaliyokubaliwa na nchi tajiri zenyewe. Mengi ya makampuni hayo yalikanusha.

Ndiyo maana ni kosa kumchukia Mnyarwanda, Mganda, Mzimbabwe au Mkongo kwa sababu ya mambo haya. Mkulima wa Gulu hakuuza almasi ya Kisangani. Mama mjane wa Byumba hakupewa hata kijiko cha sukari kutokana na koltani ya Kivu.

ASKARI NA NYUMBA YAKE

Katika hesabu ya vita vya mali, askari wa kawaida ndiye mtu asahaulikaye upesi kuliko wote. Amekula kiapo cha kuilinda nchi. Hakuapa kuilinda bohari ya mtu. Anapowekwa zamu kwenye kilima cha machimbo hana njia ya kujua kama kilima hicho ni ngome ya taifa au ni duka la mkubwa wake. Akifa hapo, jeneza hufunikwa bendera ile ile, na mkewe huambiwa maneno yale yale. Hivyo heshima ya taifa hutumika kufunika biashara ya mtu, na huo ni wizi mkubwa kuliko wizi wa almasi.

Mara nyingine askari huibiwa hata akiwa hai. Nchini Uganda, mwaka 2003 ulianza uchunguzi mkubwa juu ya askari hewa, yaani majina yaliyoandikwa katika orodha ya mishahara bila ya watu wenyewe kuwapo. Mwaka 2008 mahakama ya kijeshi ya nchi hiyo ilimtia hatiani jenerali aliyepata kuwa mkuu wa jeshi, na kabla ya hapo kamanda wa majeshi ya Uganda nchini Congo, kwa kuitia serikali hasara katika jambo hilo. Mke wa askari aweza kufikiri kwamba askari hewa ni hasara ya hazina tu. La hasha. Kikosi kinachosemekana kuwa na watu 600, kumbe kina 400, hupelekwa vitani kikiwa pungufu. Wale 400 hulinda sehemu ya watu 600, hulala kwa zamu fupi, na hufa kwa idadi kubwa zaidi. Mshahara wa mtu asiyekuwapo hulipwa kwa damu ya mtu aliyekuwapo.

Upande wa raia hesabu ni nzito zaidi. Shirika la International Rescue Committee lilikadiria kwamba watu milioni 5.4 walikufa Congo kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007 zaidi ya wale ambao wangekufa wakati wa kawaida. Wataalamu wengine wameipinga idadi hiyo, wakisema ni kubwa mno. Hata hivyo uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wa marehemu hawakupigwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara, homa ya mapafu na utapiamlo, na wengi walikuwa watoto wadogo. Zahanati iliporwa, muuguzi akakimbia, mama akashindwa kufika shambani kwa sababu ya hofu. Familia yoyote yaweza kuelewa vifo vya namna hiyo bila ya kuelezwa na mtaalamu.

NANI ALIYELIPA?

Baada ya taarifa ya 2001, serikali ya Uganda iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji David Porter. Tume hiyo ilimaliza kazi yake Novemba 2002. Ilisema kwamba serikali yenyewe haikuwa na mpango wa kupora mali ya Congo, lakini iliwalaumu maofisa wa ngazi za juu, na ikashauri hatua zichukuliwe. Mahakama ya Kimataifa nayo, mwaka 2005, haikuona ushahidi wa sera ya serikali ya kupora. Ila iliona ushahidi wa kutosha kwamba maofisa na askari wa Uganda, pamoja na wale wa vyeo vya juu kabisa, walishiriki katika uporaji. Ikaamua kwamba nchi hujibu kwa matendo ya jeshi lake, hata kama jeshi hilo halikutumwa kupora.

Hapo ndipo msomaji apaswapo kusimama kidogo na kufikiri. Waliochukua ni maofisa na washirika wao. Aliyetiwa hatiani ni nchi.

Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ilitaja kiasi cha fidia: dola milioni 325 za Kimarekani. Kati ya hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu waliouawa na kuumizwa, milioni 40 ni kwa mali iliyoharibiwa, na milioni 60 ni kwa maliasili. Uganda iliamriwa kulipa kwa mafungu matano, dola milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022. Fedha hizo hazikutolewa katika akaunti za waliouza dhahabu. Zilitolewa katika hazina, na hazina hujazwa na kila mwananchi anunuaye sukari, sabuni na mafuta ya taa. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2000, wakati mizinga ikilia Kisangani, alikuwa mtu mzima mwenye kulipa kodi ankara ilipofika. Rwanda haikuhukumiwa, kwa sababu mwaka 2006 Mahakama ilijiona haina mamlaka ya kuisikiliza kesi iliyofunguliwa dhidi yake. Kwa hiyo watu wa Kisangani walioumizwa na makombora kutoka pande mbili waliweza kudai haki kwa upande mmoja tu.

Je, fedha hizo zilipofika Congo ziliwafikia waathirika? Serikali ya Congo iliunda mfuko maalumu wa kuzigawa, makao yake yakiwa Kisangani. Mwaka 2025 ikafichuka habari ya kuhuzunisha. Zaidi ya dola milioni 19, zilizotoka katika fedha za fidia, zilikuwa zimelipwa kwa kampuni ya ujenzi iliyotakiwa kujenga gereza mjini humo. Tarehe 2 Septemba 2025 mahakama ya juu mjini Kinshasa ilimhukumu Constant Mutamba, aliyekuwa Waziri wa Sheria, miaka mitatu ya kazi ngumu kwa ubadhirifu katika jambo hilo. Yeye alikana mashtaka. Lakini hukumu ilibaki kuwa hukumu, na mjane wa Kisangani aliyekuwa amengoja kwa robo karne alisikia kwamba hata fedha ya msiba wake imeingiliwa. Mara hii mkono haukutoka ng'ambo ya mpaka.

KUTOAMINI PEKE YAKE HAKUTOSHI

Kutokana na mambo kama haya, watu wengi wamefikia kusema kwamba viongozi wote ni wezi na vita vyote ni uongo. Maneno hayo husemwa vilabuni, kwenye mabasi na hata kambini usiku. Yanaeleweka, kwa sababu yametokana na maumivu. Walakini yana hatari yake. Anayesema kwamba wote ni wezi humfurahisha mwizi, maana humchanganya na watu waaminifu na kumwondolea aibu. Isitoshe, huwavunja moyo wale wachache wanaochunguza.

Maana habari zote zilizoelezwa hapo juu zilifichuliwa na watu waliokuwa kazini. Karani wa forodha aliandika kilo alizoziona. Wataalamu walisafiri, wakalinganisha vitabu na ndege. Majaji walisoma mashahidi kwa miaka. Hakuna hata mmoja wao aliyebeba bunduki, na kwa sababu yao leo yajulikana nani alikuwa wapi na alichukua nini. Mwananchi asiyewaamini wakubwa anao wajibu wa kuulizia hesabu zao kwa utaratibu na bila ya kuchoka.

Yapo maswali matatu ambayo raia yeyote aweza kuyauliza jeshi la nchi yake linapopelekwa nje. La kwanza: je, mahali askari walipo panalingana na sababu iliyotangazwa? Kama sababu ni mpaka, na askari wako machimboni, kuna neno la kuelezwa. La pili: je, gharama za vita zimo katika bajeti iliyosomwa bungeni, au zinalipwa kwa fedha isiyoandikwa popote? Jeshi linalojilipa lenyewe kutokana na mali ya ugenini limekwisha kutoka mikononi mwa wananchi. La tatu: je, nani ametajirika tangu vita vianze? Nyumba za ghorofa hazifichiki.

Kwa askari na polisi wenyewe, yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Amri ya kupora si amri halali, hata ikitoka kwa mwenye nyota nyingi begani; sheria za vita zimekataza uporaji waziwazi. Askari akirudi nyumbani mikono mitupu lakini jina safi, watoto wake hawatalipa deni lake. Aliyeleta jiwe moja mfukoni hawezi kumshitaki mkubwa wake aliyeleta ndege nzima, kwa kuwa amekwisha kuwa mshirika wake. Ndivyo wakubwa wanavyowafunga wadogo midomo: huwaachia kidogo ili wanyamaze juu ya kingi.

Mambo haya hayajawa historia ya kale. Mwisho wa Aprili 2024 waasi wa M23 waliuteka mji wa Rubaya, wenye machimbo makubwa ya koltani huko Kivu ya Kaskazini, na kabla mwaka huo haujaisha wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba waasi hao walikuwa wakijikusanyia kodi ya dola zisizopungua 800,000 kila mwezi kutokana na jiwe hilo. Wataalamu hao walisema Rwanda iliwasaidia waasi, Rwanda ilikanusha. Januari 2025 mji wa Goma ukaanguka. Na Congo na Rwanda zilipotia saini mapatano ya amani mjini Washington tarehe 27 Juni 2025, ushirikiano katika biashara ya madini uliwekwa kuwa sehemu ya mapatano yenyewe. Pengine hilo litaleta heri, kama madini yatauzwa kwa hesabu iliyo wazi na kodi ikajenga zahanati. Lakini watu wa Kisangani, ambao walikwisha kuona marafiki wawili wakigombea soko juu ya paa za nyumba zao, wanayo haki ya kutaka kuiona hesabu hiyo kabla ya kupiga makofi.

Fahari wakipatana, nyasi nazo zina swali la kuuliza: je, wamepatana kuacha kuzikanyaga, au wamepatana namna ya kuzila?